Je, Wajua? Kilichowasukuma watunga gemu

Je, wajua kwamba Idjwi, kisiwa cha Kongo katika Ziwa Kivu chenye ukubwa wa kilomita za mraba kama 340, ni cha pili kwa ukubwa kati ya visiwa vya ziwani barani Afrika, nyuma ya Ukerewe? Umeme wa gridi huko ni wa kusimuliwa; simu huchajiwa kwa sola. Hata hivyo watoto wanacheza gemu, na karibu zote zimetungwa mbali. Waliozitunga walisukumwa na nini?

Je, wajua kwamba mmoja wao aliishi kambini Uganda kwa miaka 22? Lual Mayen alizaliwa wazazi wake wakikimbia vita vya Sudan Kusini. Mwaka 2007 akaona kompyuta kwa mara ya kwanza, kwenye dawati la kuandikisha wakimbizi, akamwambia mama yake anaitaka. Mama akadunduliza kimyakimya kwa miaka mitatu hadi zikatimia dola 300. Laptopu ikapatikana, lakini kambini hakuna umeme! Mayen akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji kwenye duka la intaneti, kisha anarudi. Wakati huo ndipo alipokutana na gemu ya Grand Theft Auto: Vice City. Risasi za gemu hiyo hazikumchekesha, maana za kweli alikuwa anazijua. Akatunga Salaam, gemu ambayo mchezaji ni mkimbizi anayekimbia mabomu. Nguvu zikimwishia hununua maji, chakula au dawa. Mwaka 2018 alitunukiwa kwenye The Game Awards, Marekani. Mimi nampa tuzo mama.

Je, wajua kwamba bila madini kama ya Kivu mashine ya gemu isingekuwa ndogo vile? Tantalumu, inayotokana na koltani, hutumika kutengenezea vijisehemu vya kuhifadhi chaji, vidogo kama punje ya mchele. Mashine ya PlayStation 2 ilitoka Machi 2000, na mwishoni mwa mwaka huo bei ya tantalumu ikapaa, ikavuta wachimbaji wengi migodini Kivu, kabla ya kuporomoka 2001. Kuitupia PlayStation lawama zote si haki: simu za mkononi nazo zilikuwa zinagombea madini hayohayo.

Je, wajua kwamba kuna gemu ya simu inayomsuta mwenye simu? Inaitwa Phone Story, na walioitunga ni Molleindustria, kikundi cha Mwitaliano Paolo Pedercini. Hatua ya kwanza iko mgodini Kongo: unawaongoza walinzi wenye silaha kuwakemea watoto wanaopumzika badala ya kuchimba koltani. Ukiwahurumia, unashindwa. Septemba 2011 Apple iliiondoa kwenye duka lake saa chache tu baada ya kutangazwa rasmi.

Je, wajua kwamba Satoshi Tajiri alitunga Pokémon (1996) kwa sababu utotoni alipenda kukamata wadudu, na viwanja alikowakamatia vikajengwa majumba?

Kwamba Toru Iwatani alitunga Pac-Man (1980) ili wanawake nao waingie kwenye kumbi za gemu zilizojaa wanaume?

Kwamba Warren Robinett, kwa hasira kwamba kampuni ya Atari haiwatambui watunzi, alificha jina lake ndani ya chumba cha siri katika gemu ya Adventure?

Kwamba Ralph Baer, baba wa gemu za kwenye runinga, alikuwa mtoto wa Kiyahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1938?

Kwamba Eric Barone alianza Stardew Valley ili apate mazoezi ya programu na aweze kuajiriwa? Alikaa nayo peke yake zaidi ya miaka minne. Ilipotoka 2016, habari za kutafuta kazi zikaishia hapo.

Je, wajua kwamba Wakenya nao wamo? Wesley Kirinya alitoa Adventures of Nyangi mwaka 2007: shujaa wake ni msichana anayetafuta vitu vya kale vya Afrika vilivyopotea. Andrew Kaggia akafuata 2015 na Nairobi X, ambamo viumbe wa anga za mbali wanaivamia Nairobi. Kwa miaka mingi sinema zilituonyesha viumbe hao wakiuonea mji wa New York tu, utadhani ramani yao haina mji mwingine.

Je, wajua kwamba Teddy Kossoko wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, akiwa mwanafunzi Ufaransa, aliuingiza kwenye simu mchezo wa kete na mashimo, jamii ya igisoro inayochezwa ng'ambo ya ziwa, Rwanda? Kissoro Tribal Game ilitoka 2018. Alitaka dunia isikie kuhusu nchi yake jambo jingine zaidi ya vita. Watu wa Bukavu wanaielewa kiu hiyo bila kuelezwa.

Na gemu ya hapa ziwani ingehusu nini? Je, wajua kwamba samaki waitwao sambaza si wenyeji wa Ziwa Kivu? Waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959. Usiku wavuvi hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, huwasha taa, na samaki hupanda kuifuata nuru. Wavu ukichelewa kuvutwa, wamekwenda. Kuna giza, kuna muda wa kubahatisha, kuna nyimbo za kupigia makasia. Mtunzi wa gemu angetaka nini zaidi?

Je, wajua, mwisho, kwamba Godot, programu ya kutungia gemu iliyoanzishwa na vijana wawili wa Argentina, ni ya bure kabisa, inatosha kwenye flashi, na ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti? Scratch, ya wanaoanza, ina hata menyu ya Kiswahili. Kama uko Bugarula au Monvu, huko Idjwi, na ndugu yako anavuka kwenda Bukavu wiki hii, mpe flashi akupakulie zote mbili.