Muziki wa DOOM Kwenye Santuri

DOOM ni mchezo wa kompyuta wa kampuni ya id Software ya Marekani, uliotolewa mwaka 2016, ambamo mchezaji huwa askari anayepigana na mashetani katika sayari ya Mirihi. Muziki wake, uliotungwa na Mick Gordon wa Australia, ni wa mtindo wa hevi metali, yaani roki yenye ngoma za kishindo na magitaa ya umeme ambayo sauti yake hukwaruzwa makusudi, nao ulipata tuzo ya The Game Awards mwaka huohuo. Mwaka 2018 kampuni ya Laced Records ya Uingereza iliutoa muziki huo kwenye santuri, kazi iliyokuwa ngumu kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa muziki usio na mwanzo wala mwisho maalumu ulipaswa kukaa ndani ya mfuo mmoja usiobadilika.

Mchezo wa kwanza wa jina hilo, wa mwaka 1993, ulikuwa na muziki wa Bobby Prince, ambaye aliigiza metali kwa sauti hafifu zilizoweza kutolewa na kompyuta za wakati ule. Watengenezaji wa toleo jipya hawakutaka kurudia njia hiyo, na mwanzoni walimwagiza Gordon asitumie magitaa kabisa. Kwa hiyo alianza na mawimbi sahili ya sauti kutoka vinanda vya elektroniki, akayapitisha katika mfululizo wa vifaa vya kukwaruza na kurudufisha sauti, hata yakanguruma kama mashine iliyo hai; na baadaye, gitaa liliporuhusiwa, akatumia lenye nyuzi tisa, ambalo hushuka chini mno kuliko gitaa la kawaida la nyuzi sita. Agizo hilo la kukataza ndilo lililoupa muziki huu sura yake, kwani lilimlazimisha mtunzi autafute ukali wa metali nje ya ala zake za kawaida.

Ndani ya mchezo, muziki huo haupigwi kama wimbo. Umekatwa vipande vifupi ambavyo programu huviunganisha kwa kufuata hali ya mapambano: mchezaji anapotembea peke yake husikika mngurumo wa chini, maadui wakitokea, ngoma na magitaa huingia, na vita vikipamba moto hufuata kipande kikali zaidi, hivyo kwamba wachezaji wawili hawasikii mpangilio uleule. Ili kupata albamu, ilibidi vipande hivyo vipangwe upya viwe nyimbo kamili, na hapo mtunzi akachukua uamuzi ambao awali ulikuwa mikononi mwa mchezaji.

Santuri nayo ina masharti yake. Sauti huhifadhiwa humo kama mfuo mwembamba unaopinda huku na huko, na sindano ikiufuata, mitikisiko yake hugeuzwa kuwa umeme, kisha sauti. Besi, yaani sauti nzito za chini, hupinda mfuo kwa upana mkubwa; kwa sababu hiyo mafundi huipunguza wakati wa kuchonga, kisha kikuza sauti huirudisha wakati wa kusikiliza, na mara nyingi mafundi huiweka besi katikati ya pande mbili za stereo ili sindano isiruke. Sauti kubwa nayo hula nafasi, na upande mmoja wa santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika hubeba takribani dakika 20 tu kwa ubora mzuri. Isitoshe, kadiri sindano inavyosogea katikati, mzunguko hufupika ilhali idadi ya mizunguko kwa dakika ni ileile, na sauti nyembamba zenye mikwaruzo, ambazo ndizo uhai wa metali, husongamana na kupoteza ung'avu. Metali ya Gordon, yenye besi nzito na mikwaruzo mingi kwa pamoja, inaipa santuri mizigo miwili ambayo chombo hicho huibeba kwa shida.

Ndiyo maana tofauti kati ya matoleo yaliyouzwa si ya mapambo pekee. Albamu ya kidijitali huzidi saa mbili, kwa hiyo toleo la kawaida la santuri mbili lilibeba sehemu tu ya nyimbo, na aliyetaka zaidi alihitaji toleo maalumu la santuri nne. Kwa msikilizaji anayejali muziki wenyewe, hilo la pili ndilo lenye thamani, ingawa litamlazimu kugeuza au kubadili santuri kila baada ya dakika chache, jambo ambalo mapigano ya mchezoni yasingempa nafasi ya kulifanya.