Kompyuta Iliyofundishwa Kukataa Noti

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, niwasimulie habari ya kompyuta iliyotunga muziki kabla hata baba zenu hawajazaliwa.

Ilikuwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, nayo iliitwa ILLIAC. Msidhani ni ya kuweka mezani: uzito wake ulikuwa kama tani 5, na ndani yake mlijaa valvu za kielektroniki 2,800. Lejaren Hiller alikuwa mkemia aliyesomea pia utunzi wa muziki. Akaona kwamba hesabu alizozitumia kwenye kemia zingefaa hata kwa noti. Yeye na mwenzake, Leonard Isaacson, wakaanza kazi.

Lakini mashine haisikii. Haijui kwa nini wimbo ukiishia kwenye do moyo unatulia. Basi kila noti ikapewa namba, na ILLIAC ikaamriwa ibahatishe namba moja, kisha iipime. Je, wimbo umeanza na do? Je, noti hii imeruka mbali mno na iliyotangulia? Ikivunja kanuni, inatupwa, inabahatishwa nyingine, kama mtu anayechambua mchele na kutupa mawe. Ikikwama kabisa, inafuta yote na kuanza upya. Mpangilio wa hatua wa namna hiyo ndio huitwa algorithimu.

Kubahatisha hata dadu inaweza. Muziki ulikuwa kwenye kukataa, na kanuni za kukataa waliziandika watu. Mkipata nafasi, sikilizeni sehemu ya pili ya muziki uliotungwa na ILLIAC. Mwanzoni fidla mbili, viola na selo kila kimoja kinashika njia yake, vurugu tupu. Halafu inaongezwa kanuni moja, kisha nyingine, na masikio yenu yanasikia sauti zikianza kusubiriana, hadi zinapatana kama kwaya ya kanisa la kale. Mimi hapo huwa nasisimka.

Mashine ilitoa alama tu. Watu wakazinakili kuwa noti, na Agosti 1956 wanamuziki wakapiga sehemu tatu za kwanza mbele ya hadhira. Ya nne ikafuata.

Nanyi jaribuni. Do iwe 1, re 2, mpaka la iwe 6. Rusheni dadu mara nane, mwandike na kuimba. Kisha wekeni kanuni: noti ya mwisho lazima iwe do, na noti isirudiwe mara tatu mfululizo. Rusheni tena, mkitupa kila inayovunja kanuni, muimbe wimbo wa pili.