Je, Wajua? Yaliyojificha Nyuma ya Mtihani wa Leseni

Nchini Kenya, kabla mwanafunzi wa udereva hajashika usukani mbele ya mtahini, husimamishwa kwanza mbele ya ubao uliochorwa mji mzima: barabara za njia moja, mizunguko, vivuko vya pundamilia, maegesho. Hupewa kigari cha kuchezea na kuambiwa atoke hapa aende pale. Hata aliyezoea kuendesha anaweza kuangukia hapo, kwa kuwa ubao haukubali njia za mkato. Ukitaka kupinda kulia kwenye mzunguko, unashika njia ya ndani kabla hujaufikia, unawapisha wanaotoka kulia kwako, na unapokaribia kutoka unawasha taa ya kushoto.

Jiandae hivi: chora mzunguko kwenye karatasi kubwa, fanya vifuniko vya soda viwe magari, na utaje kwa sauti kila unachofanya. "Naangalia kulia. Kuna gari. Nasubiri. Sasa naingia." Mkono na mdomo vikizoeana, hutababaika ukihojiwa.

Alama za barabarani nazo wengi huzikariri moja moja, kazi ngumu isiyo na sababu. Umbo peke yake ni nusu ya jibu. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya, duara lenye ukingo mwekundu linakataza, duara la buluu linaamrisha. Pembetatu iliyopinduliwa, ncha chini, inakutaka uwapishe wenzako.

Na je, wajua kwa nini kibao cha kusimama kina pembe nane? Umbo hilo lilichaguliwa Marekani mwaka 1923, pale maofisa wa barabara walipokubaliana kwamba kadiri hatari inavyozidi, ndivyo pande za kibao ziongezeke. Kivuko cha reli kikapewa duara, lililohesabiwa kuwa na pande zisizo na idadi. Faida yake ni kubwa: kibao cha pembe nane unakitambua hata kikiwa kimejaa tope, au ukikiona kwa nyuma, na hivyo unajua kwamba anayekuja upande ule ndiye anayepaswa kusimama. Huko Marekani kilikuwa cha manjano hadi mwaka 1954, kwa kuwa rangi nyekundu ya zamani ilipauka upesi.

Swali la umbali wa kusimama huwapotosha wengi. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kufunga breki huongezeka mara nne. Mwongozo wa barabara wa Uingereza unaonyesha hivyo: kwa kilomita 32 kwa saa, breki hula mita 6, kwa kilomita 64, hula mita 24. Hapo bado hujaongeza mita 12 ambazo gari hupita dereva akiwa hajakanyaga breki, anatambua tu kwamba kuna hatari.

Uingereza hiyohiyo ilianza kuwalazimu madereva wapya kufanya mtihani mwaka 1935, lakini mtihani wa nadharia unaojitegemea ulikuja mwaka 1996. Kabla ya hapo mtahini aliuliza maswali kwa mdomo tu. Leo kwa magari madogo kuna maswali 50, na anayepata 43 amefaulu.

Aliyehangaikia mtihani wa nadharia kuliko wengi ni Cha Sa-soon, bibi muuza mboga wa Korea Kusini. Alianza kuufanya mwaka 2005, akaufaulu mwaka 2009 katika jaribio la 950, kwa alama 60 kati ya 100, kiwango kilekile cha chini kabisa cha kufaulu. Kusoma alijua, ila istilahi za kitabu hazikumwingia, kwa hiyo alikariri maswali pamoja na majibu yake bila kuelewa mengi. Mtihani wa kuendesha ulimchukua majaribio 10 tu. Mwaka 2010 akapata leseni, na kampuni ya Hyundai-Kia ikamzawadia gari.