Vinara vya Mishumaa: Mti Ukauke Kwanza, Patasi Baadaye

Vikundi vingi vya uchongaji hapa Kenya vinajua kuchonga twiga, bakuli na vijiko vya saladi. Wako pia wanunuzi wa ng'ambo wanaotaka vinara vya mishumaa vya mbao, na wanavitaka vifike dukani kabla ya Septemba. Kazi yenyewe si ngumu, kwani kinara ni rahisi kuliko twiga. Taabu iko kwa mti. Kinara kinatoka hapa kikiwa kizima, kinafika Ulaya, halafu kinapasuka mezani kwa aliyekinunua. Mwenye duka hudai pesa zake na oda ya pili haiji. Tunataka kueleza kwa nini mambo huwa hivyo, na kikundi kifanye nini.

Kwanza, kwa nini Septemba? Katika nchi za kaskazini kama Uingereza, Ujerumani na Marekani, mwishoni mwa mwezi huo usiku huanza kuupita mchana kwa urefu. Majani ya miti hugeuka manjano, mekundu na ya kahawia, kisha hupukutika. Wengine huyaita majira hayo vuli, lakini vuli yetu sisi ni zile mvua za Oktoba hadi Desemba, kwa hivyo tusichanganye. Kufika Desemba, huko London jua hutua hata kabla ya saa kumi jioni. Watu hukaa ndani, na huwasha mishumaa si kwa sababu stima imepotea bali kwa kupendezesha nyumba. Mezani hupanga maboga, majani makavu na vitu vya rangi ya udongo. Ndiyo maana kinara chenye rangi yake ya asili, mistari ya mti ikionekana, huwafaa kuliko kile kilichopakwa rangi za pundamilia.

Sasa tuje kwa mti. Mbao hunywa maji ya hewani na kuyatoa tena, hata mti ukiwa umekatwa miaka mingi. Mombasa hewa ina unyevu mwingi, na mbao iliyokaa kivulini mpaka ikatulia hubaki na maji kama asilimia 14 hivi. Nyumba za Ulaya wakati wa baridi hupashwa moto mchana na usiku, na hewa ya ndani huwa kavu sana. Mbao ile ile ikikaa humo hushuka polepole hadi asilimia 8, pengine 6. Inapopoteza maji, hunywea. Lakini hainywei sawasawa: kwa urefu karibu hakuna kitu, kwa upana hunywea, na kwa kuzunguka gogo hunywea zaidi. Basi kipande cha mviringo chenye moyo wa mti katikati hakina pa kwenda ila kupasuka. Ati fundi amechonga vibaya? La, fundi hana kosa hapo.

Kwa hivyo, mkishakata gogo kwa urefu mnaotaka, lipasueni katikati na mwondoe moyo wake. Msichonge kinara kutoka kwa tawi zima, hata likiwa na umbo zuri namna gani. Pakeni nta au rangi nzito kwenye ncha mbili za kila kipande siku hiyo hiyo, maana maji hutoka upesi zaidi kupitia ncha, na nyufa huanzia hapo. Kisha chongeni umbo la juu juu mti ukiwa bado mbichi, mkiacha unene wa ziada wa sentimita 1 kila upande, na mtoboe tundu dogo katikati. Mbao ikiwa nyembamba hukauka vizuri ndani na nje. Pangeni vipande kivulini, juu ya vijiti ili hewa ipite, mbali na ardhi na mchwa. Jua kali la siku za kwanza huharibu. Tunaona vikundi vikianika mti mbichi uani kama mahindi, na kufika jioni umeshapasuka.

Mtajuaje kuwa umekauka? Si kwa kugonga wala kunusa. Chagueni vipande vitano, mviandike namba, na kuvipima kila wiki kwa mizani ya dukani, na mwandishi wa kikundi aandike daftarini. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki tatu mfululizo, mti umetulia na hewa ya kwenu. Kujua una maji kiasi gani, kateni kipande kidogo kutoka katikati ya kimoja, mkipime kwa mizani ya gramu, mkikaushe kwenye joko la mkate lenye joto la kiasi mpaka uzito usishuke tena. Kikitoa moshi, moto umezidi. Mfano: kilikuwa gramu 58, sasa ni gramu 50. Maji yalikuwa gramu 8. 8 gawanya kwa 50 ni asilimia 16. Huo bado haujafika.

Kushusha hadi asilimia 10 au chini, mnahitaji kibanda cha jua. Ni fremu ya mbao iliyofunikwa kwa karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga, ndani kuna mabati yaliyopakwa rangi nyeusi, na matundu ya hewa chini na juu. Wekeni humo vipande vilivyokwisha kukauka kivulini tu, si mbichi. Fungeni matundu usiku, na mwendelee kupima.

Mti gani? Wachongaji wa Ukambani, tangu siku za Mutisya Munge wa Wamunyu aliyeleta ufundi huu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walitegemea sana muhugu na mpingo. Muhugu umepungua sana misituni, na tangu 2017 mpingo unasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hivyo kuuza nje kuna mambo ya karatasi. Tumieni ile iliyo shambani: mwarobaini, mjakaranda, mgrevilea ambao wengine huuita mukima, au mwembe mzee usiozaa tena. Kabla ya kukata au kusafirisha, ulizeni ofisi ya misitu iliyo karibu kuhusu kibali.

Mti ukishakauka, malizieni umbo na tundu. Hapa vipimo si vya kubahatisha. Mshumaa mdogo wa kikombe cha bati una upana wa milimita 38 hivi, kwa hivyo tundu liwe milimita 40, na kina cha milimita 15 ili mdomo wa kikombe uwe sawa na uso wa mbao au juu yake kidogo. Mkizamisha zaidi, moto unakaribia mbao. Mshumaa mrefu wa mezani una upana wa milimita 22 hivi upande wa chini, na tundu lake liwekwe kikombe cha shaba au bati. Fundi wa jua kali ataviviringisha vyote kwa siku moja. Bila kikombe, mshumaa uliosahaulika huteketea hadi kwenye mbao, na hapo si kinara tu kitakachoungua.

Kinara kisianguke ovyo pia. Chukueni ubao wa mita 1, mwinue upande mmoja hadi sentimita 18, mweke kinara juu yake pamoja na mshumaa. Kikianguka, panueni kitako.

Pigeni msasa namba 120, kisha 240. Pakeni nta ya nyuki na msugue kwa kitambaa. Ile rangi ya viatu tuliyozoea kupaka vinyago huchafua vitambaa vya meza na harufu yake haipendwi, iacheni.

Kuhusu bei, tufanye hesabu ya mfano. Vinara 100 kwa shilingi 400 ni shilingi 40,000. Kumi na tano vikipasuka, shilingi 6,000 zimekwenda, na mti, msasa na siku za kazi zimeshalipwa. Hesabuni hasara hiyo ndani ya bei tangu mwanzo, na mdai nusu ya pesa kabla ya kuanza.

Hesabuni miezi pia kurudi nyuma. Meli kutoka Mombasa huchukua mwezi na zaidi, kwa hivyo mzigo uondoke Juni. Mvua za Machi hadi Mei hazikaushi kitu. Mti ukatwe Agosti ya mwaka uliotangulia, ukae kivulini, na uingie kibandani Januari na Februari. Fungeni kila kinara kwa karatasi kavu, si nyasi, na msiache gome lolote juu yake, kwani wadudu hujificha humo. Kreti za mbao ziwe zile zilizotibiwa na kupigwa muhuri, na mwulize KEPHIS mapema kama nchi ya mnunuzi inataka cheti.