Sungura Apiga Hodi Ukumbini

Sisi watu wa pwani twamjua sungura tangu utotoni, lakini twamjua kwa masikio kuliko kwa macho. Twamjua yule wa hadithi za bibi, mjanja wa wajanja, amchezeaye simba shere na kumwacha fisi akilia. Edward Steere alipokusanya hadithi za Unguja na kuzipiga chapa London mwaka 1870, sungura naye alikuwamo kitabuni. Ama sungura wa nyama na manyoya, wa kukaa naye chini ya dari moja, huyo hakuwa katika mazoea yetu. Ruhusa hiyo tulimpa paka peke yake, na apitaye Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa atamwona paka kajinyoosha barazani kama kwamba yeye ndiye mwenye nyumba.

Basi mtanishangaa nikisema kwamba nilikaa baraza zima kuamua kesi ya sungura.

Nilikuwa mgeni Nairobi kwa binti wa dada yangu, akaaye mtaa wa Lavington. Pande zile zamani zilikuwa mashamba ya kahawa ya mapadri wa Kifaransa wa misheni ya Mtakatifu Austin. Baadaye zikajengwa nyumba za bustani pana, na siku hizi nyumba hizo zabomolewa moja moja, mahali pake pakasimama magorofa. Nyumba aliyopanga mpwa wangu ni katika zile za kale zilizosalia. Ina ua wa nyasi, miti mikubwa, na nyuma ya jikoni palikuwa na kibanda cha mbao na waya. Humo binti yake wa miaka kumi alifuga sungura wawili weupe.

Siku ya kwanza, mezani, nilifanya mzaha nisioujua uzito wake. Niliuliza, "Kitoweo hiki kitaiva lini?" Mtoto alinawa mikono akaondoka, wala hakumaliza chakula. Nami nilinena nilichokijua, kwani sungura ni halali kwetu. Anas bin Malik amesimulia kwamba walimkimbiza sungura Marri Dhahrani, karibu na Makka, Abu Talha akamchinja, na mapaja yakapelekwa kwa Mtume, sala na salamu zimshukie, naye akayapokea. Hapo Nairobi penyewe watu wengi huwafuga kwa nyama, na Ngong kuna kituo cha serikali cha kuzalisha sungura. Lakini halali ya kuliwa si lazima ya kuliwa, na kipendwacho na mtoto hakifanyiwi mzaha.

Usiku wa pili ilinyesha mvua kubwa, na baada ya mvua wakatoka siafu. Asiyewajua siafu wa bara asiwapime kwa sisimizi wa kwetu. Hutoka ardhini kwa safu ndefu, maelfu kwa maelfu, na chochote kisichoweza kukimbia hukiandama mpaka kikaisha. Mnyama aliye huru hukimbia, lakini aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Asubuhi sungura mmoja alikuwa amekufa, na wa pili tulimwokoa akitetemeka juu ya kisanduku kilichokuwa kibandani.

Jioni ile mtoto alimjia mama yake. "Mama, naomba huyu aliyebaki alale ndani."

"Mwanangu, nyumba hii inaswaliwa. Haigeuzwi zizi."

"Lakini Mama, siafu watarudi. Na mbwa wa jirani hufunguliwa usiku."

"Nimekwisha kusema."

Mtoto alilia kidogo, kisha akanyamaza. Kesho yake aliporudi kutoka chuoni alinijia mimi. "Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, yule mwanamke aliyemfungia paka mpaka paka akafa, je, angemfungia mahali pa siafu, asingeulizwa?"

Nilikosa la kumjibu. Hadithi ile sote twaijua: mwanamke alimfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie, naye akaadhibiwa kwa sababu yake. Nimeisikia tangu nikisoma juzuu, lakini sikupata kuitazama upande huo. Kosa la yule mwanamke halikuwa kumnyima paka chakula tu. Alimfunga, akamwondolea uwezo wa kujiokoa, kisha hakuushika mzigo alioutwaa. Mwenye kumfungia mnyama ndiye anayedaiwa usalama wake.

Nilimwambia, "Haya, mwambie mama yako kama ulivyoniambia. Ila kabla ya hapo sikiliza hofu yake, uijibu moja moja."

Tulikaa watatu ukumbini. Mpwa wangu alisikia hoja ya mwanawe, akainama kitambo. Kisha akasema, "Mjomba, mimi sina moyo wa jiwe. Lakini najisi je? Na harufu? Na mtoto akichoka, kazi itamwangukia nani?"

Yote matatu ni maswali ya haki. La kwanza lilikuwa langu kulijibu. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, tunayoyafuata wengi wetu pwani, mkojo na mavi ya mnyama ni najisi hata akiwa mnyama wa kuliwa, ingawa Imamu Malik na Imamu Ahmad wameona vinginevyo kwa wale waliwao. Kwa hiyo mama ana haki ya kuulinda mswala wake. Lakini mwili wa sungura aliye hai ni twahara, na manyoya yake yakipukutika angali hai hayana neno, kwa kuwa ni mnyama aliye halali. Najisi ina mahali pake, nayo huoshwa. Mwenye shaka na amuulize sheikhe wake.

La pili mtoto alikuwa amekwisha lipeleleza. Sungura wa kufugwa si yule kitungule wa porini kwetu. Kitungule hachimbi shimo, na watoto wake huzaliwa wana manyoya na macho wazi. Huyu wa kufugwa asili yake ni Hispania, huchimba mapango, na watoto wake huzaliwa uchi, hawaoni. Kwa hiyo hupenda pembe yenye kivuli na kisanduku cha kujificha, na kwa kawaida huchagua mahali pamoja pa kwenda haja. Pakiwekwa beseni lenye karatasi na nyasi kavu, likabadilishwa kila siku, harufu haipati nafasi. Haogeshwi, maana maji humtia hofu na baridi, naye hujiramba kama paka. Chakula chake hasa ni nyasi kavu, kwani meno yake hukua maisha yake yote na nyasi huyasaga. Karoti ni tamu na hupewa kidogo tu. Nyaya za umeme huwekwa mbali naye, maana huzitafuna. Mikeka ya ukindu nayo pia, nami nikamwonea huruma mswala wa Lamu uliokuwa ukutani.

Swali la tatu halikuwa na jawabu la maneno. Mtoto alisema, "Mama, nipe siku saba. Nikisahau siku moja, mtoe."

Mapatano yakawa hivi: sungura atakaa katika ujia wa nyuma ya jikoni, chumba cha kuswalia haingii, na beseni litasafishwa kabla ya alfajiri. Nilikuwapo siku nne katika hizo saba. Kila adhana ya saa iliyokuwa mezani ilipolia, nilisikia nyayo ndogo na mfagio, halafu maji ya udhu. Mtoto ambaye mama yake alikuwa akimwamsha mara tatu sasa aliamka mwenyewe.

Anas alikuwa na ndugu mdogo aitwaye Abu Umair, mwenye kindege alichokipenda. Kindege kilipokufa, Mtume alimwona mtoto yule ana huzuni akamwuliza habari za kindege chake, kwa upole na bashasha. Umma mzima ulikuwa ukimngoja, naye alipata nafasi ya kuulizia ndege wa mtoto. Sisi tulio na shughuli ndogo kuliko hizo twakosaje nafasi?

Usiku wa mwisho wa ugeni wangu mvua ilirudi. Saa nane nilisikia mlango ukifunguliwa polepole, nikachungulia. Hakuwa mtoto. Alikuwa mpwa wangu, taa mkononi, akimulika kizingiti cha jikoni kutazama kama kuna siafu. Aliponiona alicheka kwa haya. "Mjomba, lala. Nilikuwa natafuta maji."

Nami nikarudi kulala, na beti hili nikaliandika asubuhi garini nikirudi Mombasa:

Mtoto akikujia, na ombi lake moyoni,
Keti naye kusikia, usijibu hasirani,
Naye akishikilia, kazi yake kwa makini,
Huruma ukimtia, haitoki maishani.