NZI WANAOKUMBUKA NA NZI WANAOSAHAU

Unawajua wale nzi wadogo wanaozunguka ndizi mbivu. Je, nzi huyo anaweza kukumbuka? Ndiyo. Na uwezo huo huurithi kwa wazazi wake, kama ndama anavyorithi rangi.

Mwaka 1976 wataalamu wa California, Marekani, walieleza habari za nzi wenye jeni moja mbovu. Jeni ni chembe ya urithi. Nzi wa kawaida akipigwa na umeme kidogo penye harufu fulani, huikwepa harufu hiyo. Wale wenye jeni mbovu walionekana hawafundishiki. Baadaye ikajulikana kuwa hujifunza kidogo, ila husahau upesi.

Nzi hutaga mayai juu ya chakula. Basi huko Uswisi wataalamu wengine waliwapa nzi chakula cha chungwa na cha nanasi. Kimoja walikitia kwinini, na uchungu wa kwinini unaujua! Kisha wakatoa vyote viwili bila kwinini. Nzi aliyekumbuka alitaga kwenye kile kingine. Mayai hayo ndiyo yaliyotunzwa, kama mkulima achaguavyo mbegu. Baada ya vizazi kama 15 walipatikana nzi wenye kukumbuka vizuri zaidi.

Kwa nini basi nzi wote wasiwe hivyo? Mwaka 2003 jibu moja lilionekana. Chakula kilipokuwa haba, funza wa nzi hao hodari walishindwa kugombea na funza wa kawaida. Mfugaji hatashangaa. Ng'ombe wa maziwa mengi naye hudhoofika upesi majani yakikauka, na yule wa kienyeji bado anatembea.