Mapigo ya Moyo, Umri wa Mgonjwa na Mfuko wa Kusaidiana



Katika kukagua vitabu vya vyama vya Unguja, nimekuta chama kimoja cha wakulima wa mwani kikikataa ombi la matibabu la kijana wa miaka 19 kwa hoja kwamba "kijana hana maradhi ya moyo". Mwezi huohuo kilimpitishia mzee ombi kama hilo bila kuuliza lolote. Kamati ilipima umri, haikupima maradhi.

Moyo huendeshwa na umeme mdogo unaoanzia juu, upande wa kulia, ukapita njia moja ya katikati hadi vyumba vya chini. Wapo wanaozaliwa na njia ya pili. Umeme ukishuka kwa njia moja na kupanda kwa nyingine, huzunguka; moyo huenda mbio ghafla, pengine mapigo 200 kwa dakika, kisha hutulia ghafla vilevile. Madaktari Wolff, Parkinson na White waliwaeleza wagonjwa wa namna hiyo mwaka 1930. Aghalabu ni vijana, na kwetu wengi hupelekwa kwanza kupungwa pepo.

Kwa wazee mambo ni mengine. Vyumba vya juu hutetemeka badala ya kupiga, na mapigo ya mkononi hukosa mpango. Damu hutuama na kuganda; bonge likifika ubongoni ni kiharusi. Shinikizo la damu ni chanzo kikubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima wazee 2,232 wa wilaya ya Hai, wa miaka 70 na zaidi, ukawakuta 15 tu wenye hali hiyo. Uchache huo haunifariji, kwani huenda wengine hawaishi nayo muda mrefu.

Na hapa Afrika Mashariki lipo kundi la tatu: vijana wenye mtetemo huo wa kizee, kwa kuwa valvu zao ziliharibiwa utotoni na homa ya baridi yabisi, iliyotokana na maumivu ya koo yasiyotibiwa.

Tiba ya katheta ni kupitisha waya mwembamba katika mshipa wa kinenani hadi moyoni, kuitafuta njia mbovu na kuiunguza. Kwa njia ya pili ya kuzaliwa nayo, zaidi ya 90 katika kila 100 hupona, mara nyingi kwa safari moja. (Watoto wachanga husubiriwa, maana kwa wengi njia hiyo hufifia yenyewe.) Kwa mtetemo wa wazee, kuunguza huleta nafuu, lakini maradhi hurudi mara nyingi zaidi, na dawa ya kuzuia damu kuganda haiachwi kwa sababu tu mtu ameunguzwa. Mwenye valvu iliyoziba hutazamwa valvu kwanza, na hutumia warfarini.

Kwa hiyo gharama ya kijana ni kubwa lakini huenda ikawa ya mara moja. Ya mzee ni ndogo ya kila mwezi, isiyo na kikomo. Mfuko unaolipa nauli ya boti tu utamwacha njiani mwezi wa tatu.

Kamati idai barua ya daktari yenye jina la maradhi, tiba na gharama za baadaye. Kipimo cha umeme wa moyo kianzie Mnazi Mmoja, ikiwezekana wakati moyo ungali mbioni, kwani ukitulia huenda kisionyeshe kitu. Wanaohitaji zaidi huelekezwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Kijana niliyemtaja bado ana haki ya kuwasilisha ombi upya kwenye mkutano mkuu.